Henry Dale: mtafiti aliyefungua njia ya sindano inayookoa mama baada ya kujifungua

Mama akijifungua katika kituo cha afya, iwe Masisi, Walikale au mji wowote mkubwa wa dunia, Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza achomwe sindano moja mara tu baada ya mtoto kutoka. Dawa hiyo inaitwa oksitosini, na kipimo chake ni vizio 10 vya kimataifa, ambavyo wauguzi wengi huviita uniti. Kazi yake ni kuubana mji wa mimba ili damu isiendelee kumwagika.

Mwaka 2023 WHO ilikadiria kuwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kulikuwa kukiua wanawake wapatao 70,000 kila mwaka duniani. Wengi wao wanaishi katika nchi maskini, na mahali ambako barabara, umeme na usalama ni shida, hatari huwa kubwa zaidi. Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, ni mahali pa namna hiyo.

Mtu wa kwanza kuandika kwamba kuna kitu kichwani mwetu kinachoweza kuubana mji wa mimba alikuwa Henry Dale, Mwingereza aliyefariki mwaka 1968. Yeye pia alihangaika kwa miaka mingi ili kila kichupa cha dawa hiyo kiwe na nguvu ileile popote kinapotumika. Haya ndiyo maisha yake.

Kijana wa London

Henry Hallett Dale alizaliwa London tarehe 9 Juni 1875, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1894 aliingia chuo cha Trinity huko Cambridge, akasomea sayansi ya mwili, kisha akamalizia masomo ya uganga katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, London.

Lakini Dale hakuvutiwa sana na kutibu wagonjwa kitandani. Alitaka kujua mwili unafanyaje kazi. Mwaka 1902 alijiunga na maabara ya Ernest Starling na William Bayliss katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka huohuo, mabwana hao wawili walikuwa wamegundua kwamba utumbo hutoa kitu kinachosafiri kwenye damu na kuliambia kongosho litoe maji yake ya kumeng'enyea chakula. Ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba viungo vya mwili vinatumiana habari kwa njia ya kemikali, bila kupitia mishipa ya fahamu. Starling ndiye aliyekuja kuzipa kemikali hizo jina la homoni, mwaka 1905.

Wazo hilo lilimkaa Dale maisha yake yote. Humohumo alikutana na kijana mwingine, Mjerumani Otto Loewi, na urafiki wao ukadumu zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1904 Dale alioa, akahitaji mshahara. Henry Wellcome, tajiri wa kiwanda cha dawa, akampa kazi katika maabara zake. Rafiki zake kadhaa walimwonya. Wakati ule mtu wa sayansi aliyekwenda kufanya kazi kwa mwenye kiwanda alionekana ameuza heshima yake. Dale hakuwasikiliza.

Kuvu wa wakunga

Wellcome alimwomba aanze na jambo moja: achunguze ergoti.

Ergoti ni kuvu mweusi anayeota kwenye masuke ya rai, nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano. Watu waliokula mkate wa nafaka yenye kuvu huyo walipata ugonjwa wa kutisha, viungo vikaoza na wengine wakafa. Lakini wakunga wa Ulaya walijua siri yake nyingine. Tangu karne ya 16 kuna maandishi yanayoonyesha kwamba walimpa mama kiasi kidogo cha kuvu huyo ili uchungu uongezeke.

Waganga waliposoma kwa wakunga, nao wakaanza kuitumia. Shida ilikuwa kipimo. Kuvu wa shamba moja alikuwa na nguvu, wa shamba jingine hana. Mama aliyepewa kupita kiasi aliweza kupasuka mji wa mimba, na mtoto akafia tumboni kwa kukosa hewa. Kufikia miaka ya 1820, waganga wa Marekani walikuwa wakionya kwamba dawa hiyo isitumike kabla mtoto hajatoka, ila baadaye tu, kuzuia damu.

Viwanda vya dawa viliuza ergoti za kila namna, na hakuna aliyejua kwa hakika ndani yake mna nini. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Dale.

Paka mwenye mimba

Dale alifanya majaribio yake kwa wanyama, hasa paka. Jambo hilo lilikuwa na wapinzani wengi Uingereza, na mabishano yake hayajaisha hadi leo.

Siku moja aliletewa adrenalini kutoka sehemu ya kiwanda ili aipime. Aliidunga katika paka ambaye tayari alikuwa amepewa ergoti. Badala ya shinikizo la damu kupanda, likashuka. Dale akaamua kwamba dawa ile ni mbovu na akaikataa. Juma lililofuata akaletewa nyingine, likatokea jambo lilelile. Ndipo akatambua kwamba dawa haikuwa na kosa. Ergoti ilikuwa imeziba njia moja ya kupokea ujumbe wa adrenalini, ikabaki njia nyingine iliyofanya kazi kinyume.

Katika kufuatilia hilo, alijaribu pia maji yaliyotolewa kwenye tezi ya pituitari ya ng'ombe. Tezi hiyo ni ndogo kama punje ya maharagwe na imening'inia chini ya ubongo. Paka mmojawapo alikuwa na mimba. Dale alipodunga maji yale, aliona mji wa mimba ukijikaza kwa nguvu.

Mwaka 1906 alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya ergoti. Habari ya pituitari ilichukua nafasi ndogo tu katika andiko hilo refu. Lakini mwaka 1909 mganga wa Liverpool, William Blair-Bell, alianza kutumia maji ya tezi hiyo kwa akina mama, naye akaona mji wa mimba uliolegea ukikaza na damu ikikatika. Kiini cha dawa hiyo baadaye kiliitwa oksitosini, jina lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya kuzaa haraka.

Ujumbe na anayeupokea

Dale aliona tokeo, lakini alikufa kabla sayansi haijaonyesha kwa ukamilifu jinsi linavyotokea. Leo tunajua.

Oksitosini hutengenezwa ndani ya ubongo, huhifadhiwa katika tezi ya pituitari, kisha humwagwa katika damu. Ni protini fupi sana, mnyororo wa asidi amino tisa tu. Inapita kila mahali mwilini, lakini si kila seli inayoisikia. Inayoisikia ni seli yenye kipokezi chake, yaani protini kubwa iliyojipenyeza kwenye ngozi ya seli, upande mmoja nje, upande mwingine ndani.

Ni kama mlango na ufunguo. Oksitosini ikikaa kwenye kipokezi upande wa nje, kipokezi hujikunja na kuiamsha protini nyingine iliyo ndani. Hiyo nayo husababisha madini ya kalisi kuachiliwa ndani ya seli, na kalisi ndiyo inayofanya msuli ukaze. Wanasayansi wa Japani walitambua jeni ya kipokezi hicho cha binadamu mwaka 1992.

Jambo la ajabu ni kwamba mama hana idadi moja ya vipokezi wakati wote. Miezi ya kwanza ya mimba, mji wa mimba una vipokezi vichache, ndiyo maana hauishtuki kirahisi. Siku za kuzaa zikikaribia, vipokezi huongezeka mara nyingi mno. Kiasi kilekile cha oksitosini ambacho mwezi wa nne kisingefanya kitu, mwezi wa tisa kinaleta uchungu mkali. Hapo ndipo ilipo hatari ya mtu kumdunga mama sindano ya kuharakisha uzazi bila ujuzi na bila kumfuatilia. Msuli unaweza kukaza bila kupumzika, mtoto akakosa hewa au mji wa mimba ukapasuka.

Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, kukaza huko ndiko kunakookoa. Pale kondo lilipokuwa limeshikamana, mishipa ya damu hubaki wazi. Misuli ya mji wa mimba imeizunguka mishipa hiyo pande zote. Ikikaza, inaibana na damu inasimama. Ikilegea, mama anaweza kuishiwa damu kwa muda mfupi sana.

Kipimo kimoja kwa dunia nzima

Maji ya pituitari yalipoanza kuuzwa, yale maovu ya ergoti yakarudi. Chupa moja ilikuwa na nguvu kupita kiasi, nyingine ilikuwa karibu na maji matupu. Akina mama waliumia kwa zote mbili.

Dale aliona kwamba ugunduzi wake usingekuwa na faida bila kipimo. Mwaka 1912, pamoja na mwenzake Patrick Laidlaw, alieleza njia ya kupima nguvu ya dawa hiyo: kipande cha mji wa mimba wa simbilisi kinaning'inizwa katika maji ya chumvi yenye joto la mwili, dawa inatiwa, kisha mtu anapima kimekaza kiasi gani. Dawa mpya inalinganishwa na dawa iliyokubaliwa kuwa mfano.

Mwaka 1914 alihamia taasisi mpya ya serikali ya utafiti wa tiba, na mwaka 1928 akawa mkurugenzi wake. Alikwenda Toronto mwaka 1922 kuchunguza insulini iliyokuwa imegunduliwa wakati huo, akapigania nayo iwe na kipimo kimoja. Mwaka 1925 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya Shirikisho la Mataifa, Dale akiwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo. Walikubaliana kwamba unga mkavu wa tezi ya pituitari uliotengenezwa kwa njia moja uwe mfano wa dunia, na kwamba nusu miligramu ya unga huo iitwe kizio kimoja.

Unga huo hautumiki tena, lakini kizio kimebaki. Vizio 10 anavyodungwa mama leo ni urithi wa makubaliano yale. Kwa uzito ni oksitosini ya mikrogramu 17 hivi. Gramu moja ingetosha sindano karibu 60,000.

Katika taasisi hiyohiyo aliyoiongoza, swali la kwanza la Wellcome nalo likapata jibu. Mwaka 1935 Harold Dudley na mganga wa uzazi Chassar Moir walitenga ergometrini, kile kiini cha ergoti ambacho wakunga wa kale walikuwa wakikitumia bila kukijua. Nayo ikawa dawa ya kuzuia damu baada ya uzazi. Oksitosini yenyewe ilitengenezwa kwa mikono ya binadamu mwaka 1953 na Mmarekani Vincent du Vigneaud, aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Tangu hapo haikuwa lazima tena kuchinja ng'ombe ili kumwokoa mama.

Vita na wakimbizi

Dale hakupata Nobel kwa ajili ya oksitosini. Aliipata kwa sababu ya asetilikolini, kemikali nyingine aliyokutana nayo mara ya kwanza ndani ya ergoti na kuieleza mwaka 1914. Baadaye Loewi, rafiki yake wa ujana, alionyesha kwamba mishipa ya fahamu huutuliza moyo kwa kutoa kemikali, na Dale na wenzake wakathibitisha kwamba asetilikolini ndiyo inayobeba amri kutoka mshipa wa fahamu hadi kwenye msuli.

Kazi hiyo iliwezekana kwa msaada wa mkimbizi. Wilhelm Feldberg, mtafiti Myahudi, alifukuzwa kazi Berlin mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika serikali. Dale akampokea London. Feldberg alikuja na ujuzi wa kupima asetilikolini kidogo sana kwa kutumia msuli wa mruba, na ujuzi huo ndio uliokuwa umekosekana.

Mwaka 1936 Dale na Loewi waligawana tuzo ya Nobel ya tiba. Miaka miwili baadaye Wanazi walipoingia Austria, Loewi alifungwa gerezani na kulazimishwa kuachia fedha za tuzo yake kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Alikimbilia kwanza Uingereza na Ubelgiji, kisha Marekani. Wakati wa vita, kuanzia 1940 hadi 1945, Dale aliongoza chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, na kwa miaka mingi, 1938 hadi 1960, alisimamia mfuko wa hisani ulioachwa na Wellcome kwa ajili ya utafiti wa afya. Alifariki Cambridge tarehe 23 Julai 1968, akiwa na miaka 93.

Kongo nayo ina sehemu yake

Wakunga wa Ulaya hawakuwa peke yao. Mwaka 1960, mganga Mnorway Lorents Gran, aliyekuwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea unaoitwa kalata-kalata ili wajifungue haraka. Aliuchukua mmea, akaupeleka maabara, na ndani yake akakuta protini fupi iliyofungwa mviringo, isiyoharibika hata ikichemshwa. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba protini mojawapo ya mmea huo inakaa kwenye kipokezi kilekile cha oksitosini.

Mama zetu waliujua mlango huo kabla ya maabara. Lakini mmea una shida ileile ya ergoti. Hakuna anayeweza kujua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani, na mtoto akiwa bado tumboni, kosa dogo linaua. Ndiyo sababu waganga wanaomba mama asinywe dawa za kuharakisha uzazi nyumbani.

Kipimo kinapopotea njiani

Kazi yote ya Dale ilikuwa kuhakikisha kwamba vizio 10 ni vizio 10 kila mahali. Leo kipimo hicho hakipotei kiwandani tu. Kinaweza kupotea njiani.

Oksitosini inapaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto muda mrefu, hupungua nguvu kidogo kidogo. Rangi haibadiliki, harufu haibadiliki, maandishi kwenye kichupa yanasema vilevile vizio 10. Mkunga anadunga akiamini, na kipokezi cha mama kinangoja ujumbe ambao hauji wote.

Kwa wakaaji wa Masisi na Walikale hilo si jambo la vitabuni. Vituo vingi viko mbali na umeme wa kudumu. Barabara hugeuka tope wakati wa mvua, na mizigo hupita kwa pikipiki au mgongoni. Januari 2025 Masisi kati na kisha mji wa Goma viliingia mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi mwaka huohuo vita vilifika Walikale kati, kabla ya waasi kuondoka hapo mwezi wa Aprili. Kila njia ikifungwa, si watu tu wanaokwama, bali pia dawa na friji za kuihifadhia.

Kuna njia za kusaidia. Friji za jua zinazotumika kwa chanjo zinaweza kuhifadhi pia oksitosini, na WHO pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanahimiza jambo hilo. Tangu 2018 WHO inakubali kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo hukaa kwenye kipokezi hichohicho. Pale ambapo hakuna sindano, vidonge vya misoprostoli, visivyohitaji friji, vinaweza kutumika chini ya uangalizi.

Mama mwenyewe ana la kufanya. Ajifungulie kituoni kila inapowezekana. Mtoto awekwe titini mara anapozaliwa, kwa maana kunyonya huuamsha ubongo wa mama kutoa oksitosini yake mwenyewe. Na damu ikizidi, familia isingoje asubuhi.

Nguvu ya dawa inayopimwa kiwandani kwa kanuni aliyoipigania Dale inabaki mikononi mwa wale wanaoisafirisha kutoka Goma hadi kituo cha mwisho. Wakiifikisha ikiwa baridi, vizio 10 vitamfikia mama vikiwa vizio 10.